Ufuta Walioula Kuku wa Kalinzi

Kasingirima, Ujiji
14 Mei 2024

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Esther, mke wa Alphonce. Alphonce ameniambia nisihangaike na simu, masikio yako yanasikia mvumo tu, ila macho yako yanasoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa dawa ya kahawa. Basi nimenunua karatasi. Sijaandika barua tangu shule, mwandiko ukikuchosha unisamehe.

Mama, ile siku tuliyopanda Kalinzi kukusalimia bado inanitia haya. Ulinichinjia kuku, nami hii mimba ikanigeuza tumbo, nikashinda kitandani kwako kama mgonjwa wa kuletwa kwa machela. Sikuteka maji, sikushika mwiko. Niliporudi huku nikamwambia Alphonce nimemwaibisha mbele yako. Akaniambia kwenu chakula cha kwanza cha mke wa mtoto ni jambo kubwa, kwamba mama hukaa chini mkekani na kula yeye kwanza kabla mtu mwingine hajagusa, na akishakula huyo mwanamke ni mtoto wa nyumba. Nikamuuliza, na asipokula? Akajifanya hajasikia, akachukua spana zake akaenda ufukweni kwenye injini za watu.

Kwa hiyo nimetafuta kitu kinachoweza kupanda mlima bila kuchacha. Kwetu Nachingwea tunalima ufuta, na kaka yangu ameniletea. Nimeuosha mpaka mchanga wote ukaisha, nimeuanika, nimeukaanga kwa moto mdogo, nimeutwanga mwenyewe na tumbo hili. Marehemu mama yangu ndiye aliyenifundisha. Jeremia, dereva wa Noah ya abiria, anakuletea kopo. Utatia kwenye mboga, kidogo tu kinatosha.

Nakuomba ule, mama. Nitangoja kwa hamu.

Mkweo,
Esther


Kalinzi
23 Mei 2024

Esther mwanangu,

Marahaba. Jeremia amefika salama, kopo limefika salama, ila kalibana chini ya mzigo wa ndoo mpaka mfuniko umekunjika. Nimemsema, hatarudia.

Nimefungua mwenyewe. Mafuta yamekaa juu, safi, rangi ya chai ya rangi. Yemwe! Nikasema kumbe na huko kusini watu wanajua kazi. Mimi nimekamua mawese tangu sijavunja ungo. Unachemsha, unatwanga, unakamua, unaengua, mgongo unakatika, hakuna asiyejua hilo hapa kwetu. Basi nikaengua mafuta yako polepole kwa kijiko nisiguse machicha, yakajaa kachupa ka dawa ya kikohozi. Ulisahau kuyachuja. Sikulaumu, mwenye mimba husahau hata jina lake.

Yale machicha ya chini, lile tope zito la kijivu, nimewamwagia kuku. Nakuambia waligombana! Jogoo alisimama katikati ya kopo asitake mtu. Kwa hiyo hakuna kilichopotea, jasho lako lote limeliwa.

Na mimi nimekula. Nimetandika mkeka, nimewaita wifi zangu wakae pembeni washuhudie, nikatia mafuta yako kwenye maharage, nikala mimi kwanza. Yananukia vizuri mno. Sasa hakuna wa kusema neno. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, ego, ndiyo, na nimelisema mbele ya watu.

Nimekutumia ndizi na parachichi. Kula, uache kukonda.

Mama yako,
Verediana


Kasingirima
30 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Uliposema mimi ni mtoto wa nyumba nimelia, usinicheke. Tangu mama yangu afariki sijaitwa mtoto wa mtu.

Nilitaka kukueleza jambo kuhusu lile kopo. Basi, si kitu. Kama wewe umeyafurahia mafuta na kuku nao wamefurahi, mimi ninataka nini zaidi? Alphonce akija huko akaanza kukueleza habari za ufuta usimsikilize, unamjua kwa utani. Yeye ajue spana, ufuta atuachie sisi.

Ndizi zimefika, tumezila zote. Parachichi moja lilipondwa njiani, nimempa jirani yangu Mwanvua, naye amesema la Kalinzi hata likipondwa ni la Kalinzi.

Mtoto ameanza kucheza. Nakusalimu sana.

Esther wako


Kalinzi
21 Juni 2024

Esther mwanangu,

Marahaba, marahaba. Sasa hivi tumo kwenye kahawa, mikono yangu inanata, ndiyo maana karatasi ina alama za vidole.

Umenipa sifa, wewe mtoto. Jumapili iliyopita jumuiya ilisali kwangu. Nikawapikia maharage, nikanyunyizia yale mafuta mwishoni kama padre anavyonyunyiza maji. Harufu ikajaa nyumba! Wakaniuliza, Verediana, umetia nini? Nikawaambia mkwe wangu wa Ujiji anakamua mafuta ya ufuta kwa mikono yake. Nikawaeleza namna ya kuengua bila kuchukua machicha. Wengine wamekuja na vichupa vyao kuomba tone. Mama Pastory, yule ambaye kila kitu anakijua, alinusa sahani yake mara mbili, na mimi nilimtazama kwa raha zangu.

Nitumie mengine. Safari hii chuja vizuri, machicha usiniletee, kuku wameanza kiburi, wanayakataa hata mahindi.

Jambo la pili ni kubwa. Najua huna mama. Mwezi wa tisa ukiisha nitashuka. Nitakukanda kwa maji ya moto, uji nitakukorogea mimi, mtoto nitamwogesha mimi mpaka kitovu kidondoke na baada ya hapo. Usimkubalie mtu mwingine hiyo kazi. Mwambie Alphonce atengeneze kitanda chenye miguu mizima, siyo kile cha matofali.

Mama yako,
Verediana


Kasingirima
19 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mafuta hayo hapo kwenye chupa, matupu, bila chochote chini. Nimeengua kama ulivyoelekeza.

Kitanda Alphonce amekinunua. Nimetandika, nimeweka na neti. Ukisema hutakuja sijui nitafanyaje, mama. Usiku wa kwanza wa mtoto nikiuwaza peke yangu napata jasho. Hapa majirani ni wema lakini si mama. Ukija ndio moyo wangu utatulia.

Siku hizi nina wageni. Mwanvua, yule ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, na wanawake wengine wawili wa uani, tunapika pamoja. Wao wanaleta sombe, kile kisamvu chao, na samaki wa migebuka, mimi naleta ufuta. Zamani walikuwa wakinicheka, ati mwanamke gani anakaa Kigoma na harufu ya mawese inamtapisha. Sasa wanakaa kwangu mpaka jua linazama. Na Recho wa kwenu, anayeshusha parachichi sokoni, alipita wiki jana akala hadi akaramba sufuria. Tulicheka sana siku hiyo. Amesema atakusalimia.

Nakungoja.

Esther


Kalinzi
11 Agosti 2024

Esther,

Recho amenisalimia. Amenisalimia mbele ya jumuiya nzima baada ya sala, maana yeye hakujua kama ni siri, alidhani ni kichekesho cha familia.

Kumbe yale niliyowamwagia kuku ndiyo ufuta wenyewe. Kumbe mafuta ni kile kinachopanda juu tu kikikaa, na mwenye akili hukoroga, akayarudisha. Recho amewaeleza wote, na mimi nimekaa pale na chupa yako mezani. Wale niliowafundisha kuengua waliinamisha vichwa. Mama Pastory hakuinamisha. Aliniita Mama Kuku. Kisha akalia kokoo, kokoo, na nyumba yangu mwenyewe ikaanguka kwa kicheko.

Kutojua si kosa. Hata ufuta sijawahi kuuona ukisagwa, ningeujulia wapi? Ungeniandikia mstari mmoja tu mwezi wa tano, "Mama, koroga, hicho cha chini ndicho chakula," ningecheka mwenyewe mpaka nikae chini. Hukuniandikia. Uliniandikia kuku wamefurahi. Ukaniacha nitembee na chupa kijiji kizima nikijivunia ujinga wangu. Na huku ukiniita mama mpendwa, uani kwako umenigeuza mchezo. Recho anasema ulisimama, ukashika kanga kama mabawa. Anasema uliniiga na sauti.

Sasa wifi zangu wananiuliza. Kwetu mtu akiwapa kuku chakula cha kwanza cha mkwe wake, amemkataa. Wanataka kujua kama nimekukataa, na kama mkeka ule ulikuwa maonyesho. Uso wangu nimeuweka chini, sijaenda kanisani Jumapili mbili.

Mwezi wa tisa sitakuja. Tafuteni mtu.

Verediana


Kasingirima
15 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, nimeumia sana. Recho ana maneno mengi, mama, ameongeza chumvi. Ni kweli tuliongea habari za kuku kidogo, maongezi ya jikoni tu, hakuna aliyekusudia ubaya. Na sikukuandikia ukweli kwa sababu ya heshima. Ningeanzaje mimi, mkwe wa juzi, kumwambia mama mzazi wa mume wangu kwamba amekosea? Kwetu tumelelewa hivyo, mkubwa hasahihishwi.

Nakuomba usivunje safari. Alphonce yuko Kalya kwenye boti iliyoharibika, akirudi tutapanda wote kukuomba radhi.

Mkweo,
Esther


Kasingirima
6 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo.

Jeremia amerudi bila barua mara mbili. Nimemwuliza kama ulisema neno, akasema ulipokea, ukaweka kwenye mfuko wa gauni, ukamwambia aende.

Alphonce amerudi. Alitaka kupanda kuja kukubembeleza, nikamzuia. Nimemwambia kosa si lake na mdomo wake hauwezi kulibeba. Barua ile ya mwezi uliopita niliiandika kwa woga, na ndani yake nimekudanganya tena. Sasa nakuambia jinsi ilivyokuwa.

Recho hakuongeza kitu. Alipunguza. Tulikuwa tunakula sombe niliyotia ufuta uliobaki baada ya kuengua mafuta yako, ule ule ulioniambia nisikuletee. Mwanvua akauliza kwa nini leo ufuta ni mkavu hivi. Ningeweza kusema lolote. Nikasimama. Nikafunga kanga, nikawa jogoo, nikasimama kwenye kopo. Wakacheka. Basi nikawa wewe. Nikaiga unavyotembea, nikaiga na Kiha kilichomo kwenye Kiswahili chako, nikasema "Yemwe, mkwe wangu kasahau kuchuja." Nilikuwa nimeishika barua yako mkononi, mama. Niliwasomea. Barua iliyoniita mtoto wa nyumba, niliwasomea wacheke.

Unajua kwa nini? Walikuwa wananicheka mimi tangu nifike hapa. Mawese yananitapisha, sijui kuosha dagaa, naongea kama mtu wa pwani. Siku ile kwa mara ya kwanza walicheka na mimi. Nikanogewa. Nilikuuza ili nipate watu wa kukaa nao. Na ukweli ni kwamba hata heshima niliyoisema si heshima. Kukuficha kulinipa utamu wa kujua kitu ambacho wewe hukijui. Naona aibu kuandika hivi. Naona aibu mpaka nikipita uani naangalia ukuta.

Nimeshaacha kukaa nao. Hilo halikusaidii kitu, najua.

Jeremia amebeba kopo jingine. Sikuombi ule. Nakuandikia tu yale niliyopaswa kuandika mwezi wa tano.

Ukifungua utakuta mafuta juu. Usiyaengue. Chukua mwiko, zamisha mpaka chini, koroga kwa subira mpaka kiwe kitu kimoja. Chota kiasi kwenye bakuli, tia chumvi, tia maji kidogo kidogo. Mwanzoni kitakaza, kitabadilika rangi, utadhani umekiharibu. Usiogope, mimi mara ya kwanza nilikimwaga, mama yangu akanipiga kofi. Ongeza maji, endelea kukoroga, kitaachia chenyewe na kuwa laini kama uji wa mtoto. Hapo ndipo unatia kwenye mboga, mwisho kabisa, ikiwa imeshaiva. Kisichemke sana, kikichemka kinakatika na mafuta yanakimbia. Kwenye kisamvu kinafaa, kwenye maharage kinafaa, dagaa ndio usiseme. Ukipata ndimu na kitunguu saumu, unakichovya na muhogo wa kuchemsha bila mboga nyingine. Ukiweka asali unapaka kwenye kiazi asubuhi.

Hayo tu. Sikungoji tena kwa haki. Ila kitanda sijakiondoa.

Esther


Kalinzi
24 Septemba 2024

Esther,

Kopo lako nililiweka juu ya kabati, sikuligusa. Kila nikiingia chumbani naliona. Nikaligeuza lielekee ukutani, bado naliona.

Jana wifi zangu walikwenda msibani Simbo. Nikafunga mlango, nikafunga na dirisha, mtu mzima mimi, kama mwizi kwenye nyumba yangu. Kuku wakaja mlangoni, nikawafukuza kwa kandambili. Nikakoroga kama ulivyosema. Mkono uliniuma. Nikatia maji, kikakaza, nikasema basi, na hili nalo limenishinda, sasa nitaitwa jina la pili. Nikaongeza maji. Kikaachia.

Nikaonja kwa kidole.

Ni kitamu, Esther. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilikaa sakafuni nikaramba kidole nikiwa na hasira, nikawaza kopo zima la kwanza, mikono yako na tumbo lako kwenye mchi, na mimi nawaita kuku tii, tii, tii. Nililia, na sikulia kwa sababu ya Mama Pastory. Baadaye nikatia kwenye ndizi. Ndizi zetu hizi hizi za nyuma ya nyumba, nimezichemsha na kitunguu na chumvi, zilipoiva nikamimina, nikafunika, nikaepua. Nimekula sufuria nzima peke yangu. Sijawahi kula ndizi za namna hiyo tangu nizaliwe.

Barua yako nimeisoma. Kuniigiza naweza kusamehe, hata mimi nilikuwa namwigiza mama mkwe wangu alivyokuwa akivuta ugoro, ingawa sikumwigizia mbele ya watu wasiomjua. Kuwasomea barua yangu bado kunanichoma. Ile barua niliandika na miwani ya kuazima, nikafuta, nikaandika tena, ili usome wewe. Sitakuambia hakuna neno wakati neno lipo.

Sasa sikiliza. Mtoto hana kosa. Jumamosi nashuka na Jeremia. Waite wanawake hao hao, Mwanvua na wenzake, na Recho awepo. Waambie Mama Kuku anakuja kuwapikia. Nitapika mimi, wewe utakaa. Kisha nitawasimulia habari yote mwenyewe, tangu kopo la kwanza mpaka la mwisho, nione nani anajua kuisimulia zaidi. Watacheka. Na wewe utacheka, kama ulivyocheka siku ile. Nitakuwa nakutazama.

Verediana


Kasingirima
2 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Mtoto anakutafuta, ukifika wakati wa kuoga anatega sikio kisha anaanza kulia, mikono yangu haijui. Anaongezeka. Alphonce anamwita Merina kwa sauti kubwa kila akitoka kazini, na mimi kila nikisikia jina la mama yangu likiitwa humu ndani nakukumbuka wewe uliyesema aitwe hivyo.

Umenikanda, umeninywesha uji, umeamka na mtoto ili mimi nilale. Wiki zote hizo hukunisema hata siku moja. Nilikuwa nangoja uniseme. Nikisikia unaingia nadhani leo ndio leo, kumbe umeleta maji ya moto. Kuna wakati niliona afadhali ungenichapa.

Mama, ile Jumamosi uliniagiza jambo na sikulitii. Haijaniondoka. Ulipika ndizi zako za ufuta, ukawapakulia wote. Kabla ya hapo ulikaa mkekani, ukaniambia nikuletee kijiko cha ufuta mtupu kutoka kwenye kopo langu, ukala mbele yao, ukasema, "Sasa nimekula chakula cha mkwe wangu, mashahidi ni ninyi." Halafu ukasimama ukaanza kusimulia. Wewe ni fundi, mimi nilikuwa mwanafunzi tu. Ulipofika kwa jogoo Mwanvua alijishika mbavu, Recho alilala chini kabisa. Ulipojiigiza mwenyewe unatoka na chupa kwenda kuwafundisha watu kuengua, mpaka wapita njia walisimama mlangoni.

Na mimi sikucheka. Nilikuwa upande wa jiko na lile jiko lilikuwa likitoa moshi, moshi ukaniingia machoni, ikabidi niiname nipulize mkaa. Usidhani nilikaidi. Nilisikia yote ila moshi ulinizidi.

Nisamehe kwa hilo pia. Ninakutumia kopo na Jeremia, mfuniko nimeufunga kwa kamba.

Mwanao,
Esther


Kalinzi
9 Desemba 2024

Esther mwanangu,

Marahaba. Kopo limefika, nimelikoroga jana, leo limefika nusu. Wifi zangu wamejua njia ya chumbani kwangu. Mama Pastory alikuja kuomba aonje, nikampa na kijiko, akarudi kuomba aelekezwe. Nilimwelekeza bila kumwita jina lolote, ingawa ulimi uliniwasha.

Mwogeshe mtoto ukiwa umekaa, siyo umesimama. Mkono wa kushoto chini ya shingo, maji uyajaribu kwa kiwiko. Mwimbie, hata kama huwezi kuimba. Atakuzoea.

Sasa hilo la moshi. Usinidanganye tena, hata kidogo kama hivyo. Moto niliuzima kwa maji kwa mkono wangu nilipoepua ndizi, kabla sijaanza kusimulia neno. Moshi ulikuwa umekwisha. Wote walikuwa wananitazama mimi, ila mimi nilikuwa nakutazama wewe, nilikuahidi hivyo. Umeinama kwenye majivu yaliyolowa, unapuliza, unapuliza, mabega yanatetemeka, na walivyozidi kucheka ndivyo ulivyozidi kupuliza.

Nilikuja Ujiji nione kama utaweza kucheka. Nimeona hukuweza. Ndiyo maana sikukusema siku zote zile, wala sitakusema.

Pasaka mlete mtoto.

Mama yako,
Verediana